Nyumba ya Kamba za Migomba

Shangazi yangu alitaka kitu kimoja tu. "Nataka nyumba ya kuona watu," alisema. Niliyaandika maneno hayo kwenye kona ya karatasi, kwa herufi ndogo zilizosimama wima, kama nilivyoona wasanifu wanavyoandika. Kisha nikahangaika zaidi na unyoofu wa zile herufi kuliko maana yake.

Niseme mapema kwamba sijakanyaga chuo cha usanifu majengo. Nilichokijua nilikipata kwenye simu, nikiwa nimekaa upenuni mwa stoo yetu ya kahawa kule Rugu, mahali pekee nyumbani ambapo mtandao haukatiki. Nilikuwa natazama video za wanafunzi wa vyuo vya mbali wakionyesha kazi zao za studio: vijumba vya maboksi, michoro iliyobandikwa ukuta mzima, walimu wamekunja mikono wakiuliza maswali makali. Wengine walikuwa wanalia mbele ya kamera. Niliwaonea wivu hata wale waliokuwa wanalia.

Basi nikafungua studio yangu. Baba aliniachia pembe moja ya stoo, na mlango wa kabati bovu ukawa meza ya kuchorea. Nilijipa kazi zilezile walizopewa wao: kibanda cha kumkinga mtu mmoja na mvua, nyumba ya mtu asiyeona, kituo cha kusubiria magari. Siku ya kukusanya kazi nilitundika michoro kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, katikati ya magunia, nikasimama mbele yake na kuieleza kwa sauti. Nikimaliza, nilihamia upande wa pili, nikakunja mikono, nikawa mwalimu. Mwalimu yule hakuwahi kunipa alama nzuri.

"Unagombana na nani humo?" mama aliniuliza siku moja kupitia dirishani.

"Na mwalimu, mama."

"Mwambie naye aje ale. Ndizi zimeiva."

Nilicheka, lakini sikutoka. Mstari mmoja ulikuwa umenenepa kidogo mahali kalamu ilipopumzika, na nisingeweza kula huku mstari umenenepa. Nilichukua wembe nikaukwangua wino polepole, pumzi nimeibana, mpaka karatasi ikatoboka. Nikaanza upya. Ndivyo nilivyokuwa nafanya kila kazi.

Sasa nikikumbuka miezi ile, naiona kama ndoto moja ndefu yenye harufu ya kahawa kavu. Nikifumba macho niliweza kuingia ndani ya michoro yangu. Nilitembea kwenye sakafu nyeupe zisizo na tope, nikapita kwenye milango isiyolia, mwanga ukishuka kutoka juu bila vumbi. Humo ndani hapakuwa na mtu. Sikuona kwamba hilo ni tatizo. Nadhani nilipapenda kwa sababu hiyo.

Shangazi anaishi Kibingo, upande wa Kyerwa. Mumewe alikwisha fariki, na nyumba yao ya miti na udongo ilianza kuinama baada ya mvua za masika. Watoto wake, ambao wote wanafanya kazi mbali, walimchomea matofali na kumwambia atafute mtu wa kuchora ramani. Akanitafuta mimi.

"Nihangaike na mgeni wa nini, na mwana wange yupo?"

Sikujua kama nifurahi au nikimbie. Nilikwenda na futi kamba, nikapima uwanja ulio mbele ya nyumba ya zamani, maana alikuwa amesema hakuna mgomba utakaokatwa. Nilipoinua macho, nikaviona vilima vya upande wa mpakani vikielea juu ya ukungu, kimoja nyuma ya kingine, kila kimoja kimefifia kuliko kilichotangulia. Nikasema moyoni, hapa ndipo sebule itakapotazama. Nyumba ya kuona. Nikarudi Rugu na vile vilima kichwani.

Ramani ile ndiyo kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya. Kuta zote zilinyooka. Madirisha mapana yalielekea kwenye ukungu. Kuzunguka nyumba nilichora miti ya duara, kama inavyochorwa kwenye video, miti ambayo haipo Kibingo wala popote ninapopajua. Sehemu nyingine yote ya kiwanja niliiacha nyeupe. Niliupenda sana ule weupe.

Niliiviringisha ndani ya bomba la plastiki, nikapanda bodaboda pale Nkwenda nimeikumbatia kama mtoto mchanga. Shangazi alinawa mikono kabla ya kuishika. Aliitazama kwa muda mrefu.

"Waitu, mwanangu," alisema, "hii si ya kupewa fundi. Hii ni ya kutundikwa."

Kweli akaitundika, na kila aliyekuja alionyeshwa. Fundi naye alikuja, akaiangalia, akasema ataanza Jumatatu.

Jumamosi, ili shangazi aione nyumba yake kabla ya kuchimbwa, tuliichora ardhini. Tulichomeka vijiti kwenye kona na kuvifunga kamba za migomba kufuata kuta, tukaacha nafasi penye milango, na jivu tukalimwaga penye madirisha. Shangazi alicheka kama msichana. Alikwenda kukata nyasi mbichi, akazitandika ndani ya kamba za sebule, kama mama zake walivyokuwa wanatandika sakafuni wakitarajia wageni. Uwanja wote ukanukia. Mimi nilizunguka nikisawazisha vijiti ambavyo havikuhitaji kusawazishwa.

Kesho yake, watu walitoka kanisani.

Sikuwa nimewahi kuwa pale Jumapili. Walishuka kilimani kwa mafungu, wakaingia uwanjani kwa shangazi kama maji yanavyoingia mtaroni, maana njia ya kwenda chini kwenye chemchemi na vitongoji vya bondeni inapita hapohapo. Nilikuwa nimeikanyaga njia ile kila nilipokuja. Ardhi yake ni ngumu na inang'aa kwa miguu ya watu. Nilipima uwanja mara mbili nikiwa nimesimama juu yake, na kwenye karatasi nikaiacha nyeupe.

Wanakwaya walitangulia, majoho yao yakiwa kwenye mifuko. Mmoja aliruka kamba, akatua katikati ya chumba cha kulala.

"Samahani mama, nimekukuta umelala?"

"Toka kitandani kwangu, mwehu wewe!" shangazi alijibu, na wote wakacheka.

Wakaendelea kupita. Walipita kwenye kuta, wakapita jikoni, wakapita kwenye madirisha ya jivu, wakiwa na Biblia zao na watoto mgongoni, na jua lilikuwa nyuma yao kiasi kwamba kwa muda niliona kama nyumba yangu imejengwa tayari, ila ni wao ambao hawazuiliwi na matofali. Kila mmoja alimsalimia shangazi. Yeye alikuwa amekaa juu ya nyasi na kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna, akimpa huyu punje, akimuuliza yule hali ya mgonjwa. Uso wake ulikuwa umefunguka kama sijawahi kuuona.

Mwisho alikuja bibi kizee mmoja anayetembelea fimbo, jirani wa bondeni. Yeye hakuruka kamba. Alizunguka hadi penye nafasi ya mlango, akasimama.

"Hodi!"

"Karibu ndani, karibu," shangazi akaitikia kwa heshima zote.

"Shikamoo, bibi," nilisema.

"Marahaba." Aliingia sebuleni, akapokea kahawa yake, akasifu nyasi. Kisha akaendelea na safari, akafika kwenye kamba ya upande wa pili, ule wa bondeni unaotazama vilima. Akasimama tena. Aligusa kamba kwa fimbo, akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Binti, wewe ndiye mwenye ramani?"

"Ndiyo, bibi."

"Ya kutokea iko wapi?"

Nilimshika mkono nikamrudisha kule alikoingilia, tukazunguka nje, na nilipokuwa narudi kupitia nyuma ya migomba nikamsikia jirani mwingine akimuuliza shangazi, "Sasa nyumba ikisimama, sisi tupite wapi?"

"Mtapita kule chini, nyuma ya choo. Si mna miguu?"

"Na wewe utamwona nani?"

"Mtoto amehangaika," alisema shangazi. "Ametuchorea vizuri hivyo. Nimwambie nini?"

Nilibaki nyuma ya migomba mpaka jirani akaondoka. Sitaficha nilichofikiria kwanza. Sikumfikiria shangazi. Niliifikiria karatasi, nikahesabu kichwani kazi ya kuichora yote upya kwa usafi uleule, nikajua haiwezekani kabla ya Jumatatu. Kisha nikafikiria kunyamaza. Angeishi na vilima vyangu, akitazama ukungu kila asubuhi, na watu wakipita nyuma ya choo. Asingelalamika hata siku moja. Hilo ndilo lililonitisha.

Niliingia ndani ya nyumba ya zamani nikaishusha ramani ukutani. Nikaitandaza juu ya nyasi, mbele ya shangazi.

"Unafanya nini?" aliuliza.

"Shangazi, nionyeshe wanapopita."

"Acha, utaiharibu."

"Nionyeshe."

Aliweka kidole kwenye karatasi, kidole chenye unyevu wa nyasi, akakiburuta polepole kutoka upande wa kilima cha kanisa, akakatisha sebule yangu, dirisha langu kubwa, akatokea bondeni. Nilikifuata kidole chake kwa kalamu. Wino ulitawanyika kwenye unyevu. Mstari ukanenepa, ukapinda, na sikuwa na wembe. Nikaendelea. Niliikata nyumba vipande viwili: jiko na stoo huku, sebule na vyumba vya kulala kule, paa moja juu, na njia ikipita katikati. Kila upande wa njia nikachora benchi la matofali. Ule weupe wote ukawa umekwisha.

Jumatatu fundi aliigeuzageuza. "Huu mstari mchafu ndio nini?"

"Njia," nilisema.

"Ndani ya nyumba?"

"Watu watapita," alisema shangazi, kabla sijaanza kujitetea.

Fundi aliguna, akatuangalia mmoja mmoja, akaanza kuhamisha vijiti.

Sasa nyumba imesimama. Mabenchi hayalingani urefu, na yule mwalimu wa stoo huniambia hivyo kila nikifika. Namsikia. Halafu nakaa kwenye lililo fupi. Jumapili wanakwaya wakiingia chini ya paa sauti zao huwa kubwa ghafla, wao wenyewe hushangaa, na wengine hurudi kupita tena kwa ajili hiyo tu. Shangazi hukaa mkabala nami na kikapu chake, magoti yake yakikaribia kuguswa na wapitao.

Bibi wa bondeni bado hubisha hodi, ingawa pale hakuna mlango. Husimama mwanzo wa njia mpaka aitikiwe. Hukaa, huchukua kahawa yake, huuliza habari zetu, kisha huinuka na fimbo, taratibu, na kutokea upande wa pili.