Mteja Aliyeikataa Diski ya Sabufa

Kuna raha moja ambayo sijawahi kumweleza mtu akanielewa. Ni raha ya kukaa mbele ya kompyuta iliyokataa katakata kufanya kazi, huku nikijua kwamba sababu ipo, imejificha mahali fulani, na kabla ya jioni tutaonana uso kwa uso. Dada yangu hunicheka. Anasema wenzangu wanapenda harusi, mimi napenda vitu vilivyoharibika. Sibishani naye. Ile Alhamisi niliyofika Homa Bay na begi langu la waya, moyo ulikuwa ukinienda mbio kama wa msichana anayesubiri wageni wa posa.

Mimi ni fundi wa kompyuta. Kwetu ni Kehancha, lakini kazi yangu iko Migori, katika kituo kidogo cha redio chenye studio mbili. Studio kubwa iko hapo Migori, na ndani yake imo seva, yaani kompyuta inayotunza kila kitu chetu: nyimbo, matangazo ya biashara, matangazo ya matanga, salamu za wasikilizaji. Studio ndogo iko Homa Bay, chumba kimoja na baraza juu ya duka la vyuma, na harufu ya omena, wale dagaa wa ziwani, inapanda ngazi bila kubisha hodi. Humo mtangazaji wetu mmoja, dada mwenye sauti nzito ya kutuliza, huendesha kipindi cha saa saba mchana.

Ili acheze wimbo ulioko Migori akiwa Homa Bay, kompyuta yake ina programu ambayo sisi mafundi huiita mteja. Mteja huomba faili kutoka kwa seva, hulipokea, huweka nakala yake kwenye diski iliyo karibu, kisha humchezea mtangazaji nakala hiyo, ili mtandao ukiyumba wimbo usikatike. Kwa bahati mbaya, hapa Kenya neno lenyewe lina mkosi. Ukimpigia mtu aliyezima simu unaambiwa mteja hapatikani, na watu wamelifupisha mpaka likawa tusi dogo: fulani yuko mteja. Basi wiki ile mteja wetu alikuwa mteja kwelikweli.

Shida ilianza Jumatatu. Mtangazaji akifungua ghala la nyimbo lililo kwenye seva ya Migori, orodha ya nyimbo inatokea vizuri, yote, mpaka zile za kwaya ambazo hakuna anayeziomba. Akigusa wimbo wowote, mteja anaanguka. Siku mbili alijikongoja kwa nyimbo za kwenye simu yake. Jumatano alithubutu tena, mteja akaanguka katikati ya kipindi na kuizimisha kompyuta nzima, na redio ikanyamaza. Watu walipiga simu kuuliza kama kituo kimefungwa.

Jioni ile mkurugenzi alitupigia sote wawili. Hakufoka. Alisema tu kwamba redio inayonyamaza haina faida kwa mtu, na kwamba kama kesho kufikia saa saba Homa Bay haitakuwa inafungua ghala sawasawa, kipindi kitarudi Migori na kutangazwa na mtu wa Migori.

Kwa mtu mwingine hilo lingekuwa jambo la kufunga virago tu na kuhama. Kwa mtangazaji wetu haikuwezekana. Mama yake, ambaye miguu haimbebi tena, anaishi naye mtaa wa pili tu kutoka studio. Kila siku mama hulala na redio ndogo kando ya mto wa kulalia. Sauti ya binti yake ikianza anajua yuko salama kazini, na ikiisha anajua chakula cha mchana kinakuja. Jumatano redio iliponyamaza, yule mama alidhani binti yake amefikwa na jambo, akaanza kuita majirani mpaka mmoja akaja mbio studioni kuangalia. Nilisimuliwa hayo mara tu nilipoingia, kabla hata sijaweka begi chini.

Mtangazaji alikuwa amenichemshia chai na kununua mandazi, lakini yeye mwenyewe hakula. Alinitazama nikifungua kompyuta.

"Nyaminwa, niambie tu ukweli," alisema. Neno hilo ni dada yetu kwa Kijaluo, naye huniita hivyo ingawa mimi ni Mkuria. "Nianze kutafuta kazi ingine?"

"Anza kutafuta nyimbo za leo," nilimjibu.

Nilijibu kwa ujasiri ambao sikuwa nao bado. Mshukiwa wangu wa kwanza alikuwa mtandao, kwa sababu mtandao wa Homa Bay nina ugomvi nao wa zamani. Nilibadilisha waya, nikabadilisha tundu, nikaleta faili kubwa kutoka Migori kwa njia nyingine. Likaja lote bila kukohoa. Nikagusa wimbo, mteja akaanguka. Mshukiwa wa pili alikuwa masasisho, kwani programu ilikuwa imejisasisha yenyewe hivi karibuni. Nikairudisha kwenye toleo la zamani nikiwa nimeshatabasamu kabisa. Nikagusa wimbo, mteja akaanguka. Hapo nikaanza kuisemesha kompyuta kwa Kikuria, maana matusi ya Kikuria yana uzito na hakuna mtu pale ambaye angeyaelewa.

Hasira zangu ni za moto wa karatasi, zinawaka na kuisha. Zilipoisha nikafanya nilichopaswa kufanya kwa utulivu. Niliwasha kumbukumbu za programu, zile ambamo mteja huandika kila anachofanya, nikagusa wimbo tena na kumwangalia akifa polepole, mstari kwa mstari. Aliomba wimbo Migori. Aliupata. Alianza kuuweka kwenye diski. Mwisho. Alifia mlangoni akiwa ameubeba mzigo. Nilipiga meza kwa furaha, chai ikamwagika. Kumbe ndiyo maana orodha ilikuwa ikionekana! Orodha inasomwa tu, lakini wimbo lazima utiwe kwenye diski kwanza.

Nikamuuliza mtangazaji kuhusu diski, ile ya nje iliyochomekwa kando ya kompyuta, kwa sababu ya ndani ni ndogo na imejaa. Akasema ya zamani ilianguka wakati wa kufagia ikavunjika, na hii ni mpya, aliinunua sokoni Jumamosi. Alikuwa mwangalifu. Alimwambia muuzaji aipe jina lile lile la ile ya zamani, na ndiyo sababu kompyuta iliipokea kama mwenyeji bila kuuliza maswali. Nikaikagua. Jina sawa, nafasi tele, hitilafu hakuna.

"Hii ni feki," nikasema. Ziko nyingi siku hizi, zimeandikwa ukubwa wa kutisha na ndani hamna kitu.

Hilo lilimkera. Alikuwa amelala vibaya, alikuwa na mama wa kuwazia, na sasa namwambia alitapeliwa. Akasema haiwezekani, muuzaji aliitia nyimbo akaijaribu mbele ya macho yake, na hata sasa tunaweza kuijaribu. Kabla sijamkataza alikuwa ameichomoa na kutoka nayo hadi barazani. Nilimfuata nikilalamika.

Barazani kuna meza ya askari wetu wa mchana, mzee mcheshi, na juu ya meza hiyo kuna sabufa yake nyekundu, spika ya kuchomekea flashi, yenye taa zinazocheza. Mtangazaji alichomeka diski kwenye sabufa. Taa zikapepesa, zikatulia, halafu rumba ikalipuka pale ngazini kwa nguvu mpaka mteja wa duka la chini, mteja wa kweli huyu, akatazama juu. Askari alianza kutikisa mabega. Mtangazaji akanigeukia, mikono kiunoni.

"Umeona? Iko sawa. Inaimba."

Mimi nilikuwa nimeganda. Inaimba. Diski ya ghala letu inaimba kwenye sabufa! Nikaanza kucheka, nikashindwa kujizuia, nikashika ukuta. Mtangazaji akamuuliza askari kwa Kijaluo kama alidhani nimepatwa na kitu kichwani.

Itabidi nieleze. Diski yoyote, kabla ya kutumika, hupangwa ndani, kama duka linavyowekewa rafu kabla ya bidhaa. Kuna namna nyingi za kupanga, na si kila chombo kinazielewa zote. Sabufa inaelewa moja, ile nyepesi ya zamani. Huku kwetu, Migori, Homa Bay, hata Masara kwenye machimbo ya dhahabu, hakuna mnunuzi anayekubali kuondoka na flashi au diski ambayo haijaimba kwenye sabufa ya muuzaji. Ikiimba, ni nzima. Isipoimba, ni mbovu, irudishe rafuni. Kwa hiyo wauzaji wote huzipanga kwa mtindo wa sabufa, na wananchi wote hurudi nyumbani wakiwa wameridhika.

Lakini mteja wetu ana masharti yake. Kila anapoweka faili kwenye diski hulibandika alama: hili ni la nani, na nani anaruhusiwa kuligusa. Mpangilio wa sabufa hauna pahali pa kuandika alama hizo. Wimbo ni wimbo, yeyote acheze. Mteja alikuwa akifika na mzigo wake, akitafuta pa kubandika alama, anakosa, na badala ya kusema kwa adabu kwamba ameshindwa, anaanguka kifudifudi na kumwangukia kila mtu. Diski ile ya zamani niliipanga mwenyewe kwa mtindo wa kompyuta yetu, na ungeipeleka kwa sabufa yoyote ya mkoa huu ingekaa kimya kama jiwe.

"Kuimba ndiyo shida yenyewe," nikamwambia nilipopata pumzi. "Hii yetu haifai kuimba. Nikiipanga upya nitafuta kila kitu kilichomo."

Alielewa haraka kuliko nilivyotarajia. Akaniuliza kama nikifuta ghala litafunguka, nikasema litafunguka. Akauliza kama nina hakika, na hapo nikamwambia ukweli, kwamba sijawahi kuwa na hakika kama hiyo tangu nianze kazi hii.

"Basi futa."

Askari alisikitika kuhusu ile rumba, akaomba imalizike kwanza. Tulimkatalia. Saa saba ilikuwa inakaribia, na kwa pupa nikakosea kuandika amri mara mbili. Ya tatu ikakubali. Kupanga upya kulichukua muda mfupi tu, nikaipa diski jina lile lile, kisha, kabla ya kuirudisha kwa mteja, sikuweza kuvumilia. Nikaipeleka barazani nikaichomeka kwenye sabufa. Taa zikapepesa, zikapepesa, zikapepesa. Kimya.

Askari alinitazama kwa huruma, akasema, "Madam, sasa hii mmeua."

Nilitaka kumkumbatia. Nilikimbia ndani, nikaichomeka kwenye kompyuta, nikamwamsha mteja, nikamwachia mtangazaji kiti. Nilimwambia aguse wimbo yeye mwenyewe, kwa kuwa shida ilikuwa yake na furaha nayo ilifaa iwe yake. Alinyoosha kidole kama anayegusa sufuria ya moto. Wimbo ukaanza. Akagusa mwingine. Ukaanza. Akagusa tangazo la matanga, tangazo la mbolea, ile kwaya isiyoombwa na mtu. Vyote vikafunguka, na mteja amesimama wima. Nilicheza pale chumbani peke yangu bila muziki wa maana, nikampigia mkurugenzi simu nikihema. Alisema tu kwamba angesikiliza.

Sikubaki studioni. Nilitoka barazani, nikamwambia askari aigeuze sabufa yake iwe redio, nikaketi kwenye ngazi. Milio ya saa saba ikapita, kisha muziki wa kufungulia kipindi, ambao ulikuwa umetoka Migori sasa hivi na kutua kwenye diski isiyoimba. Muziki ukaisha. Pakawa na kimya cha pumzi moja, na katika pumzi hiyo niliona kazi yake ikienda, nyumba, redio ndogo kando ya mto, kila kitu.

Kwa kawaida yeye huanza na salamu kwa watu wa visiwani, kisha wa ufuoni, kisha wengine wote. Siku hiyo aliwaruka wote. Sauti yake ikatoka kwenye sabufa ile ile, nzito na tulivu, ikiongea na mtu mmoja.

"Mama," alisema, "pod antie ka."

Kwa Kijaluo, bado nipo hapa. Askari aliinama akaongeza sauti, na mimi nikalia pale ngazini bila haya.