Wanasema fundo la mama yangu ni mali yao

Admin, naomba unifiche jina. Hapa mjini Kindu tunajuana sana, na mama yangu angali hai.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minane, Mwislamu, nina watoto watatu, naishi Mikelenge, hapa hapa mjini. Nina duka, lakini ukilitafuta barabarani hutalikuta, liko ndani ya simu. Unaagiza unga, mawese au sombe, yale majani ya muhogo, iliyokwisha kutwangwa, mtu wa pikipiki anakuletea. Aliyelitengeneza ni mdogo wangu wa kiume, kitinda mimba wetu. Alisoma mambo ya kompyuta Kisangani, akarudi na maneno mengi na suruali za kubana, ila kazi anaijua.

Kilicholifanya duka lipendwe ni butoni moja. Imechorwa fundo la kitambaa, chini yake imeandikwa "Kama jana". Ukiibonyeza mara moja, unaletewa kile unachonunua siku zote. Hujazi tena jina, wala avenue unayokaa, wala namba. Mtandao wetu mnaujua, ukianza kujaza unakatika kabla hujamaliza. Na wamama wengi wa sokoni hawasomi, wao wanabonyeza fundo tu. Bila fundo sina duka, na nyumba yangu yote inakula hapo.

Fundo lenyewe mdogo wangu hakulibuni. Wakati wa vita treni haikuja tena, na watu waliogopa kutoka nje. Mama aliuza sombe na mawese nyumba kwa nyumba, alfajiri, kimya kimya, maana kupiga hodi ilikuwa hatari. Basi wakapatana na wateja wake: anayetaka chakula afunge kipande cha kitenge kwenye ua. Mama akiona fundo, anaacha kile kile cha siku zote, anapita. Mashangazi zetu wanaisimulia mpaka leo wakicheka, kwamba mama alilisha mtaa mzima bila kufungua kinywa, yeye ambaye kwa kusema hana mpinzani. Mdogo wangu amekua na hadithi hiyo. Siku alipomwonyesha mama fundo kwenye simu, mama alilitazama sana. Akasema, "Njo muzuri, mwanangu," akaenda jikoni.

Mwezi uliopita ukaingia ujumbe wa mwanasheria wa kampuni moja kubwa ya Kinshasa. Alisema kununua kwa kubonyeza mara moja ni uvumbuzi wao, wana brevet, yaani hati inayosema wao ndio waliobuni, na mwingine haruhusiwi kuutumia. Niondoe butoni, la sivyo tutaonana mahakamani. Niliusoma nikiwa nakaanga samaki. Nikamaliza kusoma, nikageuza samaki.

Mdogo wangu, ambaye huniita yaya, yaani dada yake mkubwa, ndiye aliyewaka. "Yaya, hii njo wizi! Kesho watasema hata kitunga cha kubebea bitu ku soko njo yao!" Tukaenda kwa avoka, mwanasheria wa kututetea. Avoka alitueleza kwamba wanasheria wenyewe wanabishana. Wengine wanasema jambo la kawaida namna hii halina mwenyewe, hata likiingizwa kwenye simu. Wengine wanasema mali ni ya aliyeandikisha. Lakini tukimleta mtu aliyeuza hivyo tangu zamani, tutakuwa na nguvu.

"Mama yetu iko!" mdogo wangu akasema, nusura aruke.

Avoka akafurahi. "Vizuri sana. Watamuuliza alianza namna gani, na aliacha kwa sababu gani."

Hapo mwili wangu ulikufa ganzi, na mpaka leo haijaniachia.

Hadithi ya mashangazi ni nusu tu. Tulikuwa na dada mkubwa, nitamwita Zaina. Mama alipojifungua mdogo wangu hakuweza kutembea, Zaina akachukua kitunga mahali pake. Wenye bunduki walikuwa wamekwisha kuielewa ile alama. Wakafunga fundo kwenye ua wa nyumba ambayo wenyeji wake walishaikimbia. Zaina aliliona, akaingia. Tulimzika siku ile ile. Mama alilifungua lile fundo kwa mkono wake, na sombe hakuuza tena. Mdogo wangu tulimwambia dada alikufa kwa homa. Mama alitukataza kusema vingine, mtoto asije akajiona yeye ndiye sababu.

Natamani nikasirike, siwezi. Kampuni siichukii. Nakula, nalala, nafunga mizigo ya wateja. Watoto wakinisemesha naitika, halafu sikumbuki walisema nini.

Ijumaa tukakaa mimi, mdogo wangu na mama. Alikuwa anachambua mchele. Mdogo wangu akamweleza yote kwa furaha, brevet, avoka, mahakama, na namna jina la mama litakavyopata heshima. Mama hakuacha kuchambua. Mwishoni akauliza, "Ule muntu anasema njo yake, yeye alipotezaka nani?"

Mdogo wangu akacheka kidogo, hakuelewa. "Mama, sasa siye tulipoteza nani?"

Mama akaweka ungo chini. Akanitazama mimi, akasema, "Uliza yaya yako," akaenda kutawadha, na saa ya sala ilikuwa bado.

Nilimwambia mdogo wangu mama amechoka, tutaongea. Tangu siku hiyo ananiuliza kila asubuhi, na sasa hacheki tena. Avoka naye anangoja jibu wiki hii. Nikikubali mahakama, mdogo wangu atasikia habari ya dada yake mbele ya watu wasiomjua. Nikiondoa fundo, duka litakufa, na yeye atataka kujua kwa nini nimewaachia wezi kitu cha mama. Na mama, sijui kama amenipa ruhusa au ameshindwa tu kulibeba peke yake.

Ndugu zangu, mambo ya sheria msihangaike nayo, avoka yupo. Nishaurini hili moja: nimwambieje mdogo wangu kwamba Zaina alitoka asubuhi ile kwa sababu yeye alikuwa amezaliwa?