Ndivyo Mama Anavyocheka

Meno yangu ni ya kahawia. Nimezaliwa chini ya Mlima Meru, ambako maji yana madini yanayotia meno rangi tangu utotoni, na kwetu hakuna aliyeona ajabu, maana karibu wote tulikuwa hivyo. Nilipokuja Dar kutafuta kazi ndipo nilipojua kwamba nina kasoro. Siku za mwanzo Kariakoo, nilimkaribisha mteja kwa tabasamu, nikamsikia akimnong'oneza mwenzake, "Huyu hapigi mswaki?" Tangu hapo nikawa nacheka huku nimeziba mdomo kwa kiganja.

Duka nililouzia madera lilikuwa la mama mmoja mjane, mzaliwa wa hapo hapo Kariakoo, mkali wa maneno lakini hana kinyongo. Biashara ilipohamia kwenye simu, akaamua mmoja wetu awe anakwenda laivu kila asubuhi: avae dera, ageuke, ataje bei, awajibu wateja wa mikoani. Akanichagua mimi.

"Wewe nguo zinakukaa," alisema. "Na maneno unayo. Ukiiweza hii, lile duka jipya la juu nakukabidhi ulisimamie."

"Mama, mimi nina mtoto. Kazi hiyo itanibana."

"Laivu ni asubuhi. Mtoto asubuhi si yuko shule?"

Nikatazama sakafu. Akasema, "Haya. Mtoto kwanza." Akaenda kuwaambia wenzangu kwamba wajifunze kwangu, mimi najua lipi la kutanguliza.

Sifa ile ilinichoma. Huyo binti niliyemfanya ngao nilikuwa simwoni kabisa. Nilitoka nyumbani Magomeni kabla hajaamka, jirani akamnywesha chai na kumpeleka shule, nikirudi nakuta anasinzia juu ya sahani. Jumapili nilifua, nikalala. Msimamizi angeweza kujipangia saa zake; nililijua hilo, na bado nilikataa.

Kisha mwalimu wake wa darasa la tatu akanipigia simu, akaniomba nifike shuleni. Mvua ilikuwa imenyesha na bonde la Jangwani, kati ya Kariakoo na Magomeni, limejaa maji, nikazunguka mbali, nikafika na tope hadi kwenye magoti.

"Shikamoo, mama," alisema. Alikuwa msichana mdogo, pengine ndiyo kwanza ameajiriwa.

"Marahaba, mwalimu."

"Mtoto wako anajua sana, ila hataki kujibu darasani. Nikimlazimisha anajibu huku ameziba mdomo. Nikadhani jino linamuuma, nikamwambia afungue nione. Meno yake mazima, meupe. Nikamuuliza, sasa unaziba nini? Akasema ndivyo mama anavyocheka."

Wakati huo mkono wangu ulikuwa mdomoni. Mwalimu aliuona, akageuza macho dirishani, kwa adabu tu. Adabu ile iliniumiza kuliko maneno ya yule mteja. Nilitamani anitukane.

Tukiwa njiani kurudi nyumbani nikamuuliza binti, "Nani kakufundisha kuziba mdomo?"

"Hamna. Si ndiyo adabu, mama?"

Nikasimama. Watu wakatupita huku na huku wakiruka madimbwi. Nikamwambia kwamba si adabu, ni aibu. Kwamba mimi nayaonea aibu meno yangu.

"Fungua nione."

Sikuwahi kumfungulia mtu mdomo kwa hiari, hata yeye niliyemzaa. Nikainama, nikafungua. Alichungulia kwa makini.

"Yana rangi ya chai," alisema. "Yanauma?"

"Hayaumi."

"Sasa?"

Nikamshika mkono tukaendelea.

Asubuhi yake nikamwambia mama mwenye duka ukweli. Alinikazia macho mpaka nikatamani kuyarudisha maneno yangu.

"Meno?" alisema. "Mimi nimekaa hapa nikidhani una mume anakuzuia! Mwanangu, mimi nauza madera. Kavae."

Laivu ya kwanza ilikuwa mbaya. Nilitaja bei ya dera hili kwa lile. Kisha mwenzangu aliyeshika simu akaacha kunisomea maoni ya wateja, nikajua kuna kitu. Nikasogea, nikasoma: "Dada kapige mswaki kwanza." Chini yake watu walikuwa wanacheka. Nikakimbilia stoo, nikalia katikati ya marobota. Nilimsikia mama akichukua nafasi yangu, akiwaambia wateja hiki na kile, mara akasoma kwa sauti swali la mteja, kama dera la bluu litamtosha mtu mnene, na yeye hajui ajibu nini. Mimi nilijua. Nikafuta uso, nikarudi, nikamjibu. Sikutabasamu, ila sikuziba mdomo.

Yalipita majuma mengi kabla sijalizoea jambo lile. Hatimaye nikapewa duka la juu. Niliomba nianze kazi baada ya kumpeleka mtoto shule na nitoke alasiri, kwa mshahara mdogo kuliko niliokuwa nimeahidiwa. Mama alinung'unika, akakubali. Siku hizi namkuta binti yangu yuko macho. Mwalimu anasema anajibu darasani, ingawa kwa sauti ndogo.

Aibu haijaisha. Mteja akininyooshea simu kunipiga picha, bado kiganja huanza kupanda, nami hukishusha kwa nguvu. Jumamosi iliyopita binti aliomba aje dukani anitazame nikiwa laivu. Nikamwambia dukani kuna vumbi, litamletea mafua. Hakubisha. Nilifanya kazi siku nzima nikilisikia jibu langu masikioni, jibu lile lile la zamani, nimelivisha nguo nyingine tu.

Jioni, tukiwa tunapika, nikamwambia sababu haikuwa vumbi.

"Najua," alisema, akaendelea kumenya vitunguu.