Sheria ya ukimya ilivyotunyima ubingwa: uongozi wa klabu na timu yetu ya chuo

Wakuu, habari za huko mliko.

Hapa Mgololo ukungu umeshuka mpaka dirishani, na ukishuka hivi huwa namkumbuka Atupele. Nawasimulia ilivyokuwa, chumvi siongezi.

Nilikuwa kipa wa timu ya wasichana ya mpira wa miguu, chuo kimoja pale Mbeya. Atupele, Mnyakyusa mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde, ndiye alikuwa kapteni.

Tulifanya mazoezi asubuhi na mapema. Ukungu wa Mbeya mnaujua, mpira unakupotea ukiwa miguuni kwako.

Basi Atu akatuwekea utaratibu. Kabla hujapiga, taja jina la unayempa. Ukiitwa, jibu "nipo!"

Raha iliyoje! Huoni mtu, unasikia majina tu yakielea kwenye weupe, na mpira unafika. Nilikuwa nahisi kama bado nimelala. Tukashinda mpaka tukaingia fainali ya vyuo.

Hapo katikati klabu ikapata mwenyekiti mpya. Kijana nadhifu, faili kwapani. (Nia yake haikuwa mbaya, nakiri.)

Akahamishia mazoezi jioni ili kamati nzima ihudhurie. Ukapteni akaufanya cheo cha kamati, akampa katibu wa klabu, Rehema, mshambuliaji wetu. Atu akaenda benchi.

Kisha akaitisha kikao. Uwanjani aongee kapteni peke yake.

"Timu ya chuo siyo gulio," alisema. "Wanaokubali wanyooshe mikono."

Nilinyoosha. Niliogopa kupoteza namba, huo ndio ukweli.

Fainali ilipigwa Mufindi, mkoani Iringa. Atu alikuwa mwaka wa mwisho, hakuwa na mechi nyingine ya chuo tena.

Bila bila. Kipindi cha pili ukungu ukatoka kwenye mashamba ya chai, taratibu, ukafuta kila kitu. Sisi kimya. Rehema alikuwa mbele huko, maskini, hajui amwite nani.

Mara nikasikia sauti kutoka benchi, karibu na goli langu.

"Neema! Kushoto, Neema!"

Nilimsikia vizuri kabisa. Nikasita, nikiwaza sheria. Mpira ukapita kushoto, nikausikia ukigusa nyavu.

Tukalala moja bila.

Kwenye basi, tukipita Nyololo, Atu alinikatia nusu ya hindi lake la kuchoma. Hakunilaumu.

"Gwe Neema, kwani hukunisikia?"

Nikamwambia sikusikia. Akageukia dirishani, akawa anaangalia misonobari ikipita.

Nilichojifunza wakuu: wachezaji wetu walikuwa walewale. Kilichobadilika ni uongozi uliopanga timu kwa raha ya kamati, na sisi tulioupigia kura huku tukijua. Inaniuma mpaka leo.

Mliocheza timu za vyuo, viongozi wenu waliwabeba au waliwazima? Tiririkeni.

Na Atu, kama huwa unapita humu: nilikusikia.

Nipo.