Ukelele wa Ambilikile katika Albamu ya Pili

Hamtaamini, na sitawabembeleza muamini. Hata mimi, kama nisingemjua mhusika tangu akiwa na kiuno, ningesema hizi ni kamba.

Ambilikile wa Irving, yule mnayemwona akipakia mizigo ya ndege, tumbo limemtangulia hatua mbili, aliwahi kupaka rangi ya mdomo jukwaani na Wazungu wa Texas wakamshangilia. Mwaka 1989 huo. Ilikuwa roki ya nywele zilizotimka kama kichaka, na suruali za chui zilizobana mpaka mtu kukaa ni kwa dua. Wenzake wanne wa bendi walikuwa na nywele zao. Yeye, Mnyakyusa, alinunua wigi. Siku moja wigi likamruka katikati ya wimbo, watu wakadhani ndiyo shoo yenyewe, wakaligombea.

Albamu walitoa moja tu. Kilichowapa jina ni ukelele: mwisho wa wimbo Ambilikile alipanda juu, juu zaidi, akakaa huko kama aliyepangisha chumba. Kisha mitindo ikageuka, bendi ikasambaratika, naye akaenda kwenye mizigo.

Miaka kumi na tano baadaye akaamua kutoa ya pili. Safari hii albamu ya wageni, kila wimbo na mwalikwa wake. Nyimbo nane zilikamilika kwa kudokoadokoa. Wa tisa, wenye ukelele, fundi mitambo Mkenya, Nderitu, aliupatia studio moja Houston, Jumamosi moja tu, mpaka saa kumi na mbili jioni. Jumatatu jengo lilikuwa linabomolewa.

Asubuhi Ambilikile akajaribu mara kumi na moja. Sauti ilipanda kama gari bovu mlimani, ikakohoa, ikarudi kinyumenyume.

"Mzee," Nderitu alisema kwa upole, "tuchukue ule wa zamani tuubandike tu. Nani ata-notice?"

"Huyo kijana sikumwalika," Ambilikile alijibu. "Albamu ni ya huyu mwenye mvi. Nikishindwa, haitoki."

Hakuwa anatania. Alikaa akatazama viganja vyake vyenye sugu, akawaza kwamba labda amewasumbua watu bure.

Saa nane mchana wageni wakafika. Alikuwa amewaalika wawili: Wilondja, Mkongo wa Euless anayepiga gitaa kanisani, na Dorothea, nesi wa Carrollton, Mtanzania mwenye sauti nzito. Lakini ukimwalika mtu wa kwaya, umealika kwaya. Walishuka ishirini na sita, na masufuria ya wali juu.

"Mukubwa, ulituita, tumekuya," alisema Wilondja.

"Nilikuita wewe."

"Hawa njo mimi," Wilondja alijibu, akiwaonyesha wote kwa mkono.

Nderitu akaanza kupanga maikrofoni. Wilondja akamzuia. Kwao huimbi na watu kabla ya utambulisho: kila mmoja asimame, ataje jina, atokako, anakosali, kisha atoe salamu.

"Buda, masaa inaisha," Nderitu alilalamika.

"Hatuwezi kuimba na batu hatuyue."

Basi wakasimama mmoja mmoja. Wengine salamu zao zilikuwa na pambio, wengine na ushuhuda wa kazi mpya ghalani. Masaa mawili yakayeyuka hivyo. Nderitu, shingo imekakamaa kwa kutazama saa ya ukutani, akawasha mkanda, walau apime sauti zao.

"Naitwa Dorothea, nasali Carrollton. Nimekaa masaa manne barabarani kuja kusikia ukelele ambao naambiwa ulivunja ndoa za watu. Nawasalimu."

"Bado mutu moja," alisema Wilondja, akimtazama mwenye shughuli.

Ambilikile akasimama. "Naitwa Ambilikile, wa Irving. Nawasalimu."

"Salamu gani hiyo, kaka?" Dorothea akamshukia. "Hiyo ni ya mtu anayeomba ruhusa kwa meneja. Si wewe mwimbaji? Tusalimie kwa kazi yako."

"Sauti haipo, dada."

"Nani kakuomba sauti? Tumekuomba salamu."

Kwaya nzima ikaangua kicheko. Aibu ikampanda, na hasira kidogo, na harufu ya wali. Akasahau maikrofoni, akasahau mlima wa asubuhi, akawasalimu.

Ilipanda. Ikafika pale ilipokwama mara kumi na moja, ikapita bila hata kugeuka, nene kuliko ya ujanani, imekwaruzwa na miaka, ikakaa juu. Kwaya, bila kuelekezwa, ikaingia chini yake, kama watu wanaoinua paa la nyumba.

Nyuma ya kioo Nderitu alivua kofia. "Imeingia yote, mzee. Mkanda ulikuwa unaenda."

Ambilikile akakaa sakafuni, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Sasa albamu ingetoka.

Na ukelele wenyewe, ndugu zangu, haukuishia hapo. Ulipasua kile kioo vipande saba, ukatoboa ukuta, ukafika uwanja wa ndege, rubani mmoja akadhani ni mnara unamwita, akageuza ndege na abiria mia tatu, akatua, nikamwona kwa macho yangu haya akija mlangoni kuuliza ni nani huyo ana—

"Mjomba," alisema Ambilikile, ambaye kumbe alikuwa akisoma juu ya bega langu nikiandika, "kioo kilikuwa kizima. Na wewe siku hiyo ulikuwa kwenye gari, umelala."