Asilimia Sita ya Mama Nguzo

Ofisini walimwita Mama Nguzo, na jina hilo alilipata kwa jasho. Kabla ya kupewa kiti na kompyuta alizunguka mji kwa miguu miaka minne, akihesabu nguzo, transfoma na swichi, jua lake, mvua yake. Kisha akaujenga mji mzima ndani ya kompyuta, mji wa kuigiza. Ukizima laini humo, unaona umeme utakimbilia wapi, na hakuna anayeungua. Mitambo mipya ya kujiendesha, inayozima na kuwasha laini yenyewe, ilikuwa ifuate mji huo. Mkubwa wake aliusifu kwa wageni utadhani kauzaa yeye.

Siku ya majaribio, saa nne asubuhi, chumba cha kuongozea umeme kilifurika watu. Kompyuta ilizima laini ya zahanati, ikapitisha umeme wa zahanati njia nyingine, na taa hazikucheza hata kidogo. Wageni wakapiga makofi. Kwenye skrini laini ile ikawa ya kijivu, maana yake imekufa. Huko nje fundi alianza kupanda nguzo kubadilisha kikombe cha kigae kinachoshikilia waya, kilichopasuka. Fundi huyo alikuwa mdogo wake Mama Nguzo wa tumbo moja, ambaye hata nyumbani wanamwita Ngazi.

Mama Nguzo alikuwa anatazama mita ya mashine ya kusaga, mwisho wa laini ile ile. Ilikuwa bado inahesabu umeme.

Miezi mitatu nyuma hesabu zilimgomea: wateja wa laini hiyo walikuwa wanatumia umeme mwingi kuliko uliotumwa, asilimia sita zaidi. Badala ya kwenda kutazama, alisingizia mita mbovu, akapunguza matumizi ya wateja kwenye kompyuta mpaka namba zikakubaliana. Uvivu tu, tuseme ukweli, na hamu ya kumaliza kabla ya wenzake. Sasa ndiyo alielewa kwamba kuna waya mwingine unalisha laini hiyo kwa nyuma, pengine uliofungwa na mafundi siku ya dharura na hakuna aliyeuchora.

"Mkubwa, mwambie Ngazi ashuke."

"Mita hizo huchelewa kutuma," mkubwa alinong'ona, tabasamu likiwa bado kwa wageni. "Usituaibishe."

Mama Nguzo alimnyang'anya redio mkononi.

"Ngazi! Usiguse kitu!"

"Dada, si mmesema imekufa? Nimeshafika juu, ndio nanyoosha mkono."

"Rudisha mkono! Weka kipimo kwanza. Nakuomba, mdogo wangu."

Mama Nguzo aliachia kitufe, akaisogeza redio sikioni. Kisha ukasikika mlio mwembamba usiokatika, wa kipimo kilichokutana na umeme.

"Dada," Ngazi alisema. "Iko hai."

Mkubwa alimgeukia Mama Nguzo. "Kompyuta yako ilikosea vipi?"

Angeweza kusema lolote. Mafundi wa zamani wangebeba lawama bila kujua, na wageni wangeamini.

"Haikukosea. Ilinionyesha miezi mitatu iliyopita, nikabadilisha namba ili tumalize mapema."

Ndipo alipogundua kwamba kidole chake kilikuwa kimebana tena kitufe cha redio, na kwamba mdogo wake, kule juu ya nguzo, alikuwa amesikia kila neno.