Mama alikimbilia msituni kwa sababu ya habari nilizomsomea kwenye simu

Wakuu, amani iwe kwenu nyote.

Haya yalitokea nyumbani kwangu, hapa Kindu. Niliyoyaona nitasema niliyaona, na niliyosimuliwa nitasema nilisimuliwa. Ninafundisha historia chuoni, na desturi hiyo hainitoki hata ninapozungumza na jamaa wa mtandaoni.

Ulikuwa mwaka ule wa korona. Chuo kilifungwa, tukaagizwa kufundisha kwa simu. Nilirekodi masomo kwa sauti, kipande kwa kipande, nikayatuma kwenye kikundi cha wanafunzi. Waliorudi kwao Kailo waliniambia kwamba hutembea mbali kutafuta rezo, yaani mtandao wa simu, kisha hupakua somo zima wakiwa wamesimama juani.

Mke wangu, Feza, aliniachia chumba cha nyuma. Jirani yetu Papa Sudi, mkulima asiyejua kunyamaza, alikuwa akipita dirishani.

"Prof! Ule ukuta unaufundisha, umefaulu mutihani ao bado?"

Siku za mwanzo nilicheka.

Kisha mwanafunzi mmoja akaniandikia: "Prof, ni kweli tutakufa wote?" Nikaenda kutafuta jibu mtandaoni. Hapo ndipo nilipopotea.

Ukurasa mmoja ulinikabidhi kwa mwingine. Huyu anasema tangawizi, yule anasema hakuna dawa, wa tatu anaonyesha makaburi ambayo hata nchi yake haitajwi. Nimefunzwa kupima chanzo kabla ya kukiamini, nami huwafunza wengine hivyo hivyo. Lakini hofu, wakuu, haiulizi chanzo.

Nikasoma kwamba ugonjwa ule huondoa ladha mdomoni. Mchana ule ule sombe ya Feza, kisamvu chetu, ambayo kwa kawaida ningeila hadi kulamba vidole, ilikuwa kama majani makavu. Niliamini ninao. Sikumwambia mtu. Nilihamishia mkeka wangu chumba cha nyuma, nikafunga mlango, nikawa ninarekodi masomo kwa sauti ya chini ili nisikohoe.

Kila jioni nilifungua mlango kidogo na kuwasomea habari.

"Imefika Kinshasa."

Baadaye: "Imefika Goma." Baadaye tena: "Sasa Bukavu."

Nilidhani ninawalinda. Katika nyumba yetu, tangu vita, mwenye habari hakuruhusiwa kukaa nayo peke yake.

Mama yangu mzazi, tunayeishi naye, alisikiliza huku akikunja na kukunjua ncha ya kitenge chake.

Hapa inanipasa kurudi nyuma. Wakati wa vita nilikuwa kijana. Mji ulizingirwa, treni haikuja, na redio ilitaja miji ikianguka, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja karibu yetu zaidi. Mama alihesabu majina hayo kimoyomoyo. Jina fulani lilipotajwa, alifunga mzigo na tukaingia msituni, ng'ambo ya mashamba ya Mikelenge, pembezoni mwa mji.

Jirani yetu wa wakati huo alishukiwa kuzungumza kwa siri na foni, ile redio ya mawasiliano ya wenye silaha. Walimsikia akinong'ona nyuma ya mlango uliofungwa, wakamchukua. Hakurudi. Hilo nililiona kwa macho yangu.

Sasa yakusanyeni haya pamoja: miji inayotajwa, mlango uliofungwa, mwana anayenong'ona. Mimi sikuyakusanya.

Asubuhi moja Feza aligonga mlango wangu.

"Mama haiko. Sufuria ndogo haiko, panga haiko. Mama amekimbia."

"Anamkimbia nani?"

"Uliza telefone yako."

Juu ya kabati dawa zake za presha zilikuwa zimebaki. Nilizitia mfukoni. Mama hakuwa mtu wa kukosa dawa hata siku moja, na mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri.

Nilimwita Papa Sudi tukaondoka. Kwenye njia ya mashamba tulikutana na akina mama waliomwona.

"Tulimupa jambo, hakuitika," walisema. "Alipita tu, kichwa chini."

Papa Sudi alicheka, akisema labda bibi amekasirikia chakula cha mukwe. Mimi sikucheka. Wakati wa vita, njiani hatukuitikia salamu, maana hukujua anayekusalimu ni wa nani. Nilifahamu basi kwamba Mama hakuwa katika mwaka tuliokuwamo sisi.

Baada ya mashamba ya mwisho msitu huanza ghafla. Sikuwa nimekanyaga huko tangu vita. Niliita jina lake, nikasikia maji yakidondoka majanini tu. Niliita tena. Wazo lilinijia kwamba huenda ananisikia na anajificha kwa sababu ninaita, na wazo hilo lilinitisha kuliko nyoka. Nikanyamaza, nikatembea kimya kama alivyotufundisha.

Tulimkuta kando ya kijito, chini ya paa la majani ya michikichi, amelowa, anatafuna muhogo mbichi. Hakuwa amewasha moto. Moto hutoa moshi.

"Inama!" alininong'oneza.

Nikainama. Papa Sudi naye akainama, bila mzaha safari hii.

"Ile kitu imefika wapi sasa?"

Mdomo wangu, kwa mazoea mabaya, ulianza kujibu: "Imefika Kisa..." Alifumba macho kabla sijamaliza jina la mji. Nikajiuma ulimi.

"Mama, si vita. Ni ugonjwa tu. Turudi nyumbani."

Alinitazama mikono.

"Chumvi iko wapi?"

Wasiopitia yale hawataelewa. Msituni tulipata muhogo, tulipata uyoga, tulipata hata samaki. Chumvi hatukupata. Kwa hiyo aliyekuja kutuita turudi mjini ilimpasa kuibeba, maana chumvi hutoka sokoni, na soko halifunguliwi penye bunduki. Aliyekuja mikono mitupu alikuwa mkimbizi kama sisi, hata akiapa vipi.

"Mama, tutakununulia mufuko muzima," alisema Papa Sudi.

"Miye siombi kununuliwa. Mwenye anatoka kwenye amani, anabeba."

Alimeza dawa niliyomletea, lakini hakusogea. Nilimwacha na Papa Sudi, nikarudi mbio hadi Mikelenge, nikiomba njia nzima nimkute hai. Mwenye duka alishangaa kumwona mwalimu aliyejaa matope hadi kiunoni akidai chumvi kama adaiye dawa ya mgonjwa mahututi.

Nilipofika tena, Mama alifungua pakiti kwa meno. Alionja kwanza yeye, polepole. Kisha akashika mkono wangu, akanimwagia chumvi kiganjani.

"Onja. Weye pia ulikimbia. Ulifunga mulango tangu zamani."

Nikaonja.

Ilikuwa kali, wakuu. Ilikuwa chumvi hasa, tangu ncha ya ulimi hadi kooni. Sikuwahi kupimwa, hivyo sitadai kwamba sikuwa na ugonjwa; ninasema tu kwamba ladha ilikuwapo, na kwamba nililia mbele ya mama yangu na jirani yangu.

Mama alifunga mzigo wake. "Twende," alisema. "Feza iko peke yake."

Fundisho nililolipata ni dogo. Habari ni kama dawa: ina kipimo, na ina mtu wa kupewa. Kwa mtu aliyewahi kukimbia, jina la mji si taarifa tu. Siku hizi ninapofundisha kwa simu, mlango uko wazi, na kuku huingia somoni.

Nimeandika leo kwa sababu majina ya miji yameanza kutajwa tena, na safari hii si ugonjwa. Ninaogopa. Jana nilikaa na simu muda mrefu kuliko inavyofaa. Mama, ambaye sasa haoni vizuri, alikuja akipapasa ukuta, akaweka kibakuli cha chumvi kando yangu, akaenda zake bila kuuliza imefika wapi.

Ninyi wenye wazee nyumbani, habari za namna hii mnawapaje? Niandikieni hapa chini. Nitasoma kila jibu, mlango ukiwa wazi.